Ruka Hadi Swali la Tisa

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika maisha yangu lilikuwa salamu. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, katika chumba alichokuwa akishonea mke wangu, namba kumi na nne kwenye safu ya vyumba vya soko. Nilikuwa nimempelekea chai. Akaingia karani wa tathmini, bibie mwenye miwani, akasoma kwenye karatasi yake: "Habari za afya yako tangu dari jipya liwekwe?" Mke wangu alitoa pini mdomoni, akanitazama kwa jicho la pembeni, akajibu: "Salama tu, tunashukuru." Kisha akakohoa, akaomba radhi, akarudisha pini mdomoni. Karani akaweka alama. "Ruka hadi swali la tisa," alijisomea kwa sauti ndogo. Swali la tisa lilikuwa kama anajiona yuko salama zaidi na moto kuliko zamani. Alijiona. Kazi yote haikufika dakika mbili. Ijumaa alishindwa kupanda ngazi za hospitali, na siku ya ishirini na tatu baada ya hapo tulimzika.

Alinitazama vile kwa sababu swali lile lilikuwa langu. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Ndiyo niliyoisomea chuo kikuu na ndiyo iliyonizeesha. Baada ya soko kuungua, mji uliagiza kila chumba kinachohudumia watu kiwekwe dari la bodi mpya, nyeupe, isiyoshika moto. Hakuna aliyekuwa amewahi kuishi chini yake. Tathmini ya afya ilifuata baada ya mwaka mzima, kama fundi anayepima kitambaa akishakikata. Dodoso lililetwa kwangu kwa lugha ya waliolitunga, na swali la kwanza lilisema: eleza dalili zozote ulizopata kifuani, machoni au kwenye ngozi tangu bodi mpya ziwekwe. Niliona linamkaba mtu koo. Nikaandika pembeni kwamba mtu wa kwetu haanzwi kwa kuulizwa maradhi, huanzwa kwa kujuliwa hali, nikalibadilisha. Ofisi ya afya ilinijibu kwa maneno manne: "Safi sana, Kiswahili kitamu." Nilimwonyesha mke wangu barua hiyo. Maswali ya pili hadi ya nane yalihusu kikohozi, pumzi, macho na ngozi, na maelekezo yalisema jibu la kwanza likiwa zuri maswali hayo yasisomwe. Maelekezo nayo niliyatafsiri mimi, bila kosa hata moja.

Kijiweni hawakujua. Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ukuta wa shule ya chekechea. Ni ubao juu ya matofali mawili, na juu ya ubao Fundi alitupigia kipande cha bodi kilichobaki kazini, ili nguo zisishikwe na vibanzi. Muuza kahawa, tunayemwita Birika, naye alizungushia jiko lake vipande vingine vitatu kuzuia upepo, kwa kuwa haviungui. Kwa hiyo kila bodi hiyo ilipojadiliwa, ilijadiliwa na watu walioikalia. Waliokuwapo Ijumaa moja, mwezi mmoja na nusu baada ya mazishi, ni hao wawili, pamoja na Waziri, ambaye alikuwa tarishi wa ofisi kubwa kwa miaka thelathini, na Dokta, mlinzi wa lango la zahanati. Mimi huniita Kamusi.

Waziri alikuwa amesimama mbele ya tangazo jipya lililobandikwa ukutani, kidole kikifuata mistari.

– Wahojiwa arobaini na watatu, alisoma. Waliojibu salama au nzuri, arobaini na mmoja. Hiyo ndiyo sayansi, ndugu zangu. Mtu akija hapa kuniambia bodi ina madhara nitamuuliza, wewe na hao arobaini na mmoja, nani wengi?

– Na wale wawili? akauliza Birika.

– Mmoja hakupatikana. Wa pili ni yule mshona viatu wa pale chini. Wameandika: jibu halikutumika.

– Alijibu nini?

– Alisema halali kwa kukohoa. Lakini alikuwa amekunywa.

– Mlevi hahesabiwi, akasema Dokta.

Nikanywa kahawa yangu. Katika mtaa mzima, pombe ilikuwa imetupatia mtu mmoja wa kujibu swali, na ofisi ikamfuta.

– Malizia, Birika akamwambia Waziri. Hapo chini wameandika nini kwa herufi ndogo?

– Kwa kuwa matokeo ni mazuri, awamu ya pili ni shule. Wanaanza na hii hapa chekechea, Jumatatu. Mwenye pingamizi alete kesho kabla ya saa sita mchana, na alete kwa maandishi. Akakunja miwani. Pingamizi la nini sasa? Watu wazima ni salama, watoto ndio waumwe?

Bodi zenyewe zilikuwa zimeshaletwa. Zilikuwa zimepangwa uani mwa shule, zinaonekana kwa juu ya ukuta, na mvua ilikuwa imeanza kuzichana karatasi zake.

– Mimi niwaambie, alisema Dokta. Kikohozi kipo, hilo silikatai. Lakini tatizo si bodi. Tatizo ni feni.

– Feni imefanya nini?

– Mimi nakaa zahanati, naona.

– Unakaa getini.

– Geti la nini? La zahanati. Wagonjwa wote wananipitia mimi kwanza. Sasa sikilizeni. Zamani hewa iliingia dirishani ikatoka mlangoni, ikaenda zake. Siku hizi mtu anafunga dirisha, anawasha feni, feni inazungusha hewa ileile tangu asubuhi. Hewa inachoka. Hewa iliyochoka ikiingia kifuani haina nguvu ya kutoka.

– Hewa inachoka, nikarudia.

– Kamusi, hata kwenye vitabu vyako imo.

– Haimo.

– Basi una vitabu vya zamani.

Waziri alirudi kukaa. Yeye hawezi kuvumilia maelezo yasiyo na serikali ndani yake.

– Mnabishana kama watoto, alisema. Bodi zile zilipimwa huko zilikotoka. Zilipimwa kwa panya. Mimi faili hilo nililibeba kwa mikono hii. Panya waliwekewa dari, wakala, wakanenepa.

– Hawakukohoa? akauliza Birika.

– Panya akikohoa wewe utamsikia?

– Ningekuwa ndiye ninayepima ningetega sikio.

– Ndiyo maana wewe unauza kahawa. Na zaidi ya hapo, tumieni akili. Serikali ikitaka kukudhuru haiwezi kupanda mpaka darini. Darini kuna joto. Itapitia kwenye fomu.

Walicheka, na Waziri akacheka nao, kwa sababu hakujua alichosema. Mimi nilitazama kikombe.

– Acheni aseme aliyeikata, alisema Fundi.

Fundi ndiye aliyepiga dari la soko zima, chumba baada ya chumba. Ni mtu wa mabega mapana, ingawa siku hizo shati lilikuwa limeanza kumpwaya.

– Mwaka na nusu naikata kwa msumeno, alisema. Vumbi lake nimelila kuliko chumvi. Na mimi si huyu hapa?

Akaanza kukohoa. Tulimsubiri. Aliinama, akashika magoti, akakohoa mpaka Birika akasogeza jiko upande wa pili, kana kwamba moshi ndio wenye makosa.

– Huyo ndiye wewe? Birika akamuuliza alipomaliza.

– Hiki ni cha baridi.

– Na jua hili?

– Baridi ya juzi. Kifua hakina kalenda. Akajifuta macho. Siri ni maziwa. Jioni napiga kikombe cha maziwa, vumbi linateleza linashuka. Wanaopata shida ni wale wanaotazama juu wakati kazi inaendelea. Linaingia puani moja kwa moja. Sasa fundi cherehani, kwa mfano, yeye kutwa kainama, hawezi…

Akasita. Dokta alikuwa amemkanyaga mguu, na alimkanyaga waziwazi kabisa.

– Samahani, Kamusi, alisema Fundi. Sikuwa na maana hiyo.

– Endelea, nikasema.

Mke wangu alikuwa ameinama kutwa, hilo ni kweli. Juu ya cherehani yake Fundi alitoboa matundu manne, mawili ya taa na mawili ya feni, na kingo za matundu hayo hazikuzibwa. Kila asubuhi alikuta unga mweupe juu ya kitambaa cheusi, akaukung'uta kwa kitambaa kikavu. Ulikuwa mzuri kutazama kwenye mwanga wa dirisha. Aliwahi kuniambia hivyo. Hospitalini daktari alisema mapafu yamekuwa magumu na yana kitu ambacho angependa kujua ni nini, akaniuliza kama kuna yeyote aliyekipima. Nilimwambia tathmini inafanyika. Nilimwambia hata dodoso lake ni zuri.

– Basi niulize, alisema Fundi, ambaye aibu humfanya aongee zaidi. Kwa nini haiungui? Hamjajiuliza. Kitu kisichoungua lazima kiwe na maji ndani. Na hayo maji inayapata wapi huko juu? Inakunywa. Watu wakiwa chumbani inakunywa jasho lao. Jasho likiisha inakunywa mate. Ndiyo maana koo linakauka, mtu anakohoa. Hakohoi ugonjwa, anakohoa kiu ya bodi.

– Hilo nimeliona zahanati, akasema Dokta, aliyesahau feni yake papo hapo. Watu wanaomba maji sana.

– Na hii tuliyoikalia? akauliza Birika.

Kila mmoja alijisogeza kidogo. Hakuna aliyesimama.

– Hii imeshashiba, alisema Waziri.

Hapo ndipo alipotokea shemeji yangu. Ni mdogo wa marehemu, na ndiye mwalimu wa darasa la watoto wa miaka minne upande wa pili wa ukuta ule. Miaka yote hiyo alikuwa akipita kijiweni bila kusimama, na sikumlaumu. Ana mwendo wa dada yake. Siku hiyo alikuwa amebana ripoti kwapani, ile nzima, kurasa sitini, ambayo shule ilipewa nakala yake.

– Hamjambo?

– Hatujambo, tukajibu wote kwa pamoja, kama darasa lake.

– Shemeji, za tangu juzi?

– Nzuri, nikasema.

– Fundi, habari za kazi?

– Salama, mwalimu. Salama kabisa.

– Na kifua?

– Kifua? Ah, hicho usikiulize. Hicho kina mwaka. Nikilala chali naona kama nimewekewa gunia la saruji hapa.

– Si umesema salama kabisa?

– Umenisalimia, alisema Fundi. Sasa ningesemaje?

Shemeji alikuwa ameanza kuifungua ripoti. Akaacha. Alimtazama Fundi, kisha akatutazama sisi wengine, mmoja baada ya mwingine, jinsi anavyotazama watoto anapojua kwamba aliyevunja kitu yumo humo humo.

– Yule karani wa tathmini, alisema polepole. Mwenye miwani. Wewe ulimjibu nini?

– Yule hakuniuliza ugonjwa.

– Hakukuuliza?

– Alinisalimia, nikamjibu. Akaniuliza ya moto, akaenda zake. Nilidhani ndiyo anaanza, nikaketi namngoja arudi.

– Hata mimi, akasema Dokta. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza na ya mgongo.

– Mimi macho yalikuwa yananitoka machozi wiki ya pili hiyo, alisema Waziri, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imepungua. Nikamwambia nzuri sana. Nikamuuliza na zake.

– Akasema?

– Nzuri.

Shemeji alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja kona. Alisoma kwa sauti ileile anayotumia kuita majina darasani.

– Mhojiwa namba kumi na saba. Mwanamke. Miaka arobaini na tisa. Fundi cherehani. Salama. Akaufunga. Dada yangu alikuwa salama siku mbili kabla ya kulazwa. Imeandikwa, ina muhuri.

Waziri aliichukua ripoti, akaipindua hadi mwisho, akaliona swali lenyewe.

– Aliyeandika hili ni mgeni, alisema. Hajui lugha.

– Angekuwa hajui lugha tungepona, akasema Dokta. Asiyejua lugha angeuliza, wewe, unakohoa? Tungesema ndiyo. Huyu anaijua. Tena anatujua na sisi, alijua tutajibu nini kabla hajafungua mdomo.

– Basi ni mtu wa kampuni ya bodi, akasema Birika.

– Si mtu, ni idara, alisema Waziri, aliyepona haraka. Wana idara nzima, wanakaa kwenye meza ndefu wanachagua maneno ya kuziba watu midomo. Neno likiwa kali wanalichovya asali. Nimebeba mafaili yao.

– Uliyabeba, hukuyasoma.

– Faili baya linajulikana kwa uzito.

– Mimi nadhani ni mashine, alisema Fundi. Unaiwekea majina yetu, inasikiliza tunavyosalimiana mwaka mzima, halafu inatunga. Binadamu hawezi kuwa na roho hiyo.

– Mashine haiwezi kusema "tangu dari jipya liwekwe", akasema Dokta. Sikia lilivyo tamu. Huyo ni mtu, kakaa mahali pazuri, kavaa shati safi, kalisoma mara mbili akajipenda.

Mara tatu. Mara ya tatu nililisoma kwa sauti, jikoni, mke wangu akipepeta mchele.

– Nikimpata huyo, alisema Fundi, simpigi. Nitampa msumeno wangu akate bodi moja. Moja tu, mdomo wazi.

Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kile kikohozi. Shemeji alimshika bega mpaka kikapita. Alipouondoa mkono aliutazama, kisha akatazama sketi yake pale alipokuwa ameegemea benchi. Kulikuwa na unga mweupe. Alianza kuukung'uta, akaacha, akauliza kama kuna maji. Birika akampa yale ya kusuuzia vikombe.

– Kamusi, Dokta akaniambia. Wewe ndiye mtu wa maneno. Mtu wa namna gani anaandika swali kama hili?

– Mtu mwenye adabu, nikasema.

– Adabu gani hiyo, akasema Dokta, akatema pembeni.

– Mimi sina haja ya kujua ni wa namna gani, alisema shemeji. Alikuwa anaifuta sketi kwa ncha ya kitambaa kibichi, hatutazami. Nimetoka ofisi ya afya sasa hivi. Wamesema hawawezi kubadili ripoti kwa sababu ya watu kukohoa barabarani. Wanataka watu walewale, waulizwe upya, kwa maandishi, mezani kwao kesho kabla ya saa sita. Nikawaambia basi nipeni swali lingine. Wakasema hawatungi maswali, wao wanapokea. Jumatatu misumari inapigwa juu ya vichwa vya watoto thelathini na wawili, na wangu nawajua, ukiwauliza hamjambo watakuambia hatujambo hata kama wamevunjika mkono. Nataka mtu aliyeandika hili akae chini aniandikie jingine. Hivyo tu. Akainua macho. Ni nani aliyeandika?

Waziri alitazama tangazo. Dokta alitazama saa yake, ambayo haifanyi kazi. Fundi alikuwa akitafuta kitu mfukoni. Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Waziri, yakatoka matone matatu na machicha, akasema kahawa imekwisha, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba nyingine.

Jibu lilikuwa na silabi mbili. Nimetafsiri mikataba ya kurasa mia tatu, nimetafsiri wosia na hukumu za mahakama, na nilikaa pale na silabi mbili mdomoni kama pini mpaka kila mtu akaondoka.

Asubuhi yake saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni kwa shemeji. Nilikuwa na karatasi arobaini na mbili, nimezipiga chapa mwenyewe. Alifungua akiwa na mswaki mkononi. Sikumsalimu.

– Ni mimi, nikasema. Swali lile niliandika mimi.

Alinitazama. Nilijua macho hayo, nimeishi nayo miaka ishirini na sita katika uso mwingine.

– Dada alijua?

– Alijua. Alilijibu huku ananicheka.

Akaingia ndani. Nilidhani mlango ule mtupu ndio jibu lake. Alirudi amevaa viatu, ana kalamu mbili.

– Nipe nusu.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Je, unakohoa? Tangu lini? Sikuweka salamu, wala maelekezo ya kuruka.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Fundi. Alitoka kifua wazi, bado ana alama za mkeka shavuni.

– Kamusi. Mbona mapema, kwema?

– Unakohoa?

– Hata salamu, ndugu yangu?

– Baadaye. Unakohoa?

Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Fundi si msomi, lakini kiungo kibaya cha mbao anakiona kwa mbali.

– Wewe, alisema. Kumbe ni wewe.

– Ni mimi. Unakohoa?

Nilingoja aende kuleta msumeno. Kisha akaegemea mwimo wa mlango.

– Ndiyo.

– Tangu lini?

– Tangu chumba namba kumi na nne, alisema. Nilitoboa pale matundu manne nikiwa nimetazama juu. Mkeo alinipa maji.

Nikaandika kama alivyosema.

Wengine walikasirika. Bibi mmoja aliniuliza kama nimelelewa porini. Mshona viatu alikuwa mkavu, hajanywa, akasema hajambo kabisa, na ilinibidi nimuulize mara tatu. Waziri alitaka kujua karatasi hizi zimepitishwa na nani, kisha akajibu ndiyo, kwa sauti ya chini, na akaomba iandikwe kwamba macho pia. Mpaka saa tano na dakika ishirini mimi na shemeji tulikuwa tumepata watu thelathini na sita. Waliosema ndiyo walikuwa ishirini na tisa. Sehemu ya namba kumi na saba niliijaza mwenyewe: ndiyo, miezi kumi na moja, amefariki. Chini kabisa niliandika jina la aliyetunga swali la kwanza la dodoso la zamani, na anwani yake, na nikaweka sahihi.

Ofisi ya afya ilikuwa na mtu mmoja, kwa kuwa ni Jumamosi. Alikuwa bibie mwenye miwani. Muhuri ulikuwa mkononi, macho kwenye daftari la wageni, na alinyoosha mkono kupokea karatasi bila kuinua kichwa.

– Karibu, baba. Habari za asubuhi?

– Mbaya, nikasema.

Mkono ulibaki hewani. Akavua miwani, akanitazama, kisha akauliza swali la pili la dodoso.